Maoni ya umma na upinzani wa vyama mkoani Songwe (2015–2018)

Maoni ya umma na upinzani wa vyama mkoani Songwe katika miaka ya 2015 hadi 2018 ni sehemu ya historia ya siasa ya Tanzania mwanzoni mwa urais wa John Pombe Magufuli. Katika kipindi hicho rais mpya wa Chama cha Mapinduzi (CCM) alipata sifa kubwa nchi nzima. Wakati huohuo nusu ya majimbo ya mkoa huu wa mpakani, pamoja na mji wa Tunduma, yalikuwa mikononi mwa Chama cha Demokrasia na Maendeleo (CHADEMA). Jambo hilo huwachanganya wanaodhani kwamba mtu anayempenda rais lazima akichague chama chake, au kwamba anayemchagua mbunge wa upinzani anampinga rais katika kila jambo. Habari za Songwe zinaonyesha mambo yalikuwa na tabaka zaidi.

Mkoa na mji

Mkoa wa Songwe ulianzishwa rasmi tarehe 29 Januari 2016 kwa kumega mkoa wa Mbeya. Makao makuu yake yapo Vwawa. Wilaya zake ni Mbozi, Momba, Ileje na Songwe, na Halmashauri ya Mji wa Tunduma inajitegemea ndani ya wilaya ya Momba. (Msomaji asichanganye mkoa wa Songwe na wilaya ya Songwe, ambayo makao yake ni Mkwajuni na ambayo awali ilikuwa sehemu ya Chunya.) Wenyeji wake ni pamoja na Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali, Walambya na Wabungu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,344,687 mkoani, na mji wa Tunduma peke yake ulikuwa na watu 219,309. Sensa ya mwaka 2012 ilikuwa imeukuta mji huo na watu 97,562, kwa hiyo idadi ilizidi maradufu katika miaka 10.

Tunduma unapakana na Nakonde upande wa Zambia, na wageni wengi hawajui mji mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo inapita hapo, na reli ya TAZARA pia. Wakazi wengi ni watu waliohamia kutoka mikoa mingine kwa ajili ya biashara: wauza mitumba, wabadilisha fedha, mawakala wa forodha, madereva, mama lishe, waendesha bodaboda. Nje ya mji, uchumi ni wa kilimo. Mahindi hulimwa karibu kila mahali, na kahawa ni zao la fedha la Mbozi na Ileje.

Tofauti hiyo ya mji na vijiji inasaidia kuelewa siasa za mkoa. Mfanyabiashara wa mpakani huihisi serikali kila siku kupitia forodha, mizani ya magari, ushuru na polisi. Mkulima huihisi zaidi katika msimu wa pembejeo na wa mauzo. Maamuzi ya miaka ya mwanzo ya Magufuli yaliwagusa wote wawili, ingawa si kwa namna moja.

Uchaguzi wa 2015

Upinzani haukuanza Songwe mwaka 2015. Katika uchaguzi wa 2010 David Silinde wa CHADEMA alishinda jimbo la Mbozi Magharibi, wakati huohuo ambapo Joseph Mbilinyi, anayejulikana kwa jina la Sugu, aliichukua Mbeya Mjini kwa chama hichohicho. Mbeya ndiyo iliyokuwa makao makuu ya mkoa wote wakati ule, na siasa za jiji hilo zilifika Tunduma kwa barabara ileile inayopitisha mabasi na magazeti.

Kabla ya uchaguzi wa 25 Oktoba 2015 majimbo yaligawanywa upya. Matokeo katika majimbo 6 ambayo leo yamo mkoani Songwe yalikuwa nusu kwa nusu. CHADEMA ilishinda Tunduma (Frank Mwakajoka), Momba (David Silinde) na Mbozi (Pascal Haonga). CCM ilishinda Vwawa (Japhet Hasunga), Ileje (Janet Mbene) na Songwe (Philip Mulugo). Halmashauri ya Mji wa Tunduma nayo iliongozwa na madiwani wa CHADEMA.

Katika urais, Magufuli alitangazwa mshindi kwa kura 8,882,935, sawa na asilimia 58.46. Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani aliyehama CCM Julai 2015 na kusimamishwa na CHADEMA chini ya mwavuli wa UKAWA, alipata kura 6,072,848, sawa na asilimia 39.97. Kwa mgombea wa CCM huo ulikuwa ushindi mwembamba kuliko wote tangu vyama vingi virudi, ukiacha nyuma asilimia 62.83 za Jakaya Kikwete mwaka 2010, na mbali sana na asilimia 80.28 alizopata Kikwete mwaka 2005. Kwa hiyo Magufuli aliapishwa tarehe 5 Novemba 2015 akiwa na watu wanne kati ya kumi waliotaka mtu mwingine. Wakazi wa Tunduma walikuwa bado wanahesabiwa kama watu wa Mbeya siku hiyo. Mkoa wao ulizaliwa wiki 12 baadaye.

Miezi ya kutumbua majipu

Kilichofuata kilibadilisha hesabu hizo haraka. Siku ya kwanza baada ya kuapishwa rais alikwenda kwa miguu hadi Wizara ya Fedha na kukuta viti vya baadhi ya watumishi vitupu. Siku chache baadaye alifika Hospitali ya Taifa Muhimbili na uongozi wake ukabadilishwa. Sherehe za uhuru za 9 Desemba 2015 ziligeuzwa kuwa siku ya usafi. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikwenda bandarini Dar es Salaam na kufichua makontena 349 yaliyotoka bila kulipiwa kodi, na kamishna mkuu wa Mamlaka ya Mapato akasimamishwa. Watu waliyaita hayo "kutumbua majipu", kwa neno alilolitumia rais mwenyewe.

Habari ya makontena ilisikilizwa kwa makini Tunduma kuliko katika miji mingi. Mji unaoishi kwa mizigo ya bandari unajua vizuri nani hulipa kodi na nani hupita pembeni, na mfanyabiashara mdogo aliyekuwa akilipa alikuwa na sababu ya kufurahi. Vilevile elimu bila ada kuanzia shule ya awali hadi kidato cha nne, iliyoanza Januari 2016, ilimgusa kila mzazi bila kujali kadi ya chama aliyonayo. Watoto waliandikishwa kwa wingi mno, madarasa yakafurika, na rais akaagiza upungufu wa madawati umalizwe kufikia mwisho wa Juni 2016. Halmashauri za CCM na za CHADEMA zilikimbizana na tarehe ileile, kwa kuwa hakuna diwani aliyetaka kuonekana anawanyima watoto dawati.

Hapo upinzani ulijikuta katika hali ngumu. Kwa miaka mingi CHADEMA ilijijenga kwa kushambulia ufisadi. Orodha yake ya watuhumiwa ya mwaka 2007 ilikipa chama jina nchi nzima. Sasa rais wa CCM alikuwa anafukuza maofisa hadharani. Tena chama kilikuwa kimemsimamisha Lowassa, ambaye zamani kilimtuhumu chenyewe. Wabunge wake walianza kuhama kutoka hoja ya ufisadi kwenda hoja ya sheria: kwamba maofisa wanaondolewa bila kusikilizwa, na kwamba mamlaka yote yanakusanywa mahali pamoja. Hoja hiyo ni nzito, lakini ni vigumu kuieleza sokoni kwa mtu aliyekuwa akiombwa rushwa na ofisa aliyefukuzwa jana.

Tafiti za maoni na mipaka yake

Kipimo kinachotajwa zaidi cha maoni ya kipindi hicho ni tafiti za Sauti za Wananchi zinazofanywa kwa simu na shirika la Twaweza. Kulingana na tafiti hizo, wananchi wa Tanzania Bara waliokubali utendaji wa rais walikuwa asilimia 96 mwaka 2016. Mwaka 2017 walishuka hadi asilimia 71, na mwaka 2018 hadi asilimia 55.

Namba hizi zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Sampuli ya utafiti wa namna hiyo huchaguliwa ili iwakilishe Tanzania Bara nzima. Haiwezi kukatwa vipande ikatoa asilimia ya kuaminika ya mkoa mmoja, sembuse ya mji mmoja. Anayesema "asilimia 96 ya watu wa Tunduma walimkubali Magufuli" anasema jambo ambalo utafiti haukulipima. Pia swali la utendaji si swali la kura. Mtu anaweza kujibu kwamba rais anafanya kazi vizuri na bado akampigia diwani wa chama kingine, kwa sababu diwani ndiye anayemuuliza kuhusu maji na taka.

Hata hivyo asilimia 96 inasema jambo moja wazi. Mwaka 2015 karibu asilimia 40 ya wapiga kura walimchagua Lowassa. Ili rais afike asilimia 96 miezi michache baadaye, ni lazima wengi wa waliompigia mpinzani wake walikuwa wanamkubali pia, angalau walipoulizwa na mtu wasiyemjua kwenye simu. Inafaa kukumbuka sharti hilo la mwisho. Mwaka 2016 mahakama mjini Arusha ilimhukumu mkazi mmoja kifungo cha miaka 3 au faini ya shilingi milioni 7 kwa maneno ya kumtusi rais mtandaoni, chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Habari za namna hiyo zilisikika hadi Tunduma, na wapo watafiti wanaoamini kwamba hofu hupandisha majibu ya kusifu. Lakini kama hofu peke yake ingekuwa sababu, namba isingeshuka mwaka 2017 na 2018, miaka ambayo hofu iliongezeka.

Mikutano ya hadhara yazuiwa

Mnamo Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa TBC haitarusha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja. Kwa watu wa Songwe hili halikuwa jambo dogo. Kwa mkazi wa Momba au Mbozi asiyeweza kusafiri hadi Dodoma, matangazo hayo yalikuwa njia ya kumwona mbunge wake akiuliza swali la barabara au la zahanati. Baada ya hapo aliona dondoo zilizohaririwa.

Mwishoni mwa Mei 2016 wabunge wa upinzani walianza kutoka ukumbini kila kikao kilipoongozwa na Naibu Spika Tulia Ackson. Juni hiyohiyo polisi walizuia mikutano ya hadhara ya vyama, na rais akasema kwamba siasa za ushindani zisubiri hadi 2020, ili waliochaguliwa wafanye kazi. Wabunge na madiwani waliruhusiwa kuzungumza na wananchi katika maeneo yao wenyewe. Sheria ya Vyama vya Siasa inataka chama kitoe taarifa kwa polisi saa 48 kabla ya mkutano. Inataja taarifa, si kuomba kibali, na ugomvi mwingi wa miaka ile ulizunguka tofauti ya maneno hayo mawili.

Katika Songwe zuio hilo lilifanya kazi kwa namna ya pekee kwa sababu ya muundo wa serikali za mitaa. Mbunge na madiwani huchaguliwa, lakini mkuu wa mkoa, wakuu wa wilaya na wakurugenzi wa halmashauri huteuliwa na rais. Mkuu wa mkoa wa kwanza wa Songwe alikuwa Chiku Galawa, aliyeteuliwa 2016. Mji wa Tunduma ulikuwa na baraza la CHADEMA, mkurugenzi aliyeteuliwa na rais, na juu yake mkuu wa wilaya ya Momba ambaye ni mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inawapa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48. Uwezo huo ulikuwepo tangu zamani, ila katika kipindi hiki ulitumika mara nyingi zaidi nchini, na wanasiasa wa upinzani walikuwa miongoni mwa walioulalamikia.

Julai 2016, wiki ambayo Magufuli alikabidhiwa pia uenyekiti wa CCM, CHADEMA ilitangaza operesheni iliyoitwa UKUTA, yaani Umoja wa Kupambana na Udikteta Tanzania. Maandamano na mikutano ilipangwa kufanyika nchi nzima tarehe 1 Septemba. Polisi walifanya mazoezi barabarani katika miji mingi. Usiku wa kuamkia siku yenyewe ulipokaribia, tarehe 31 Agosti, mwenyekiti wa chama Freeman Mbowe aliiahirisha baada ya viongozi wa dini kuomba nafasi ya kusuluhisha. Haikufanyika tena.

Mizigo, mahindi na "vyuma vimekaza"

Kama kuna mahali ambapo maoni ya Songwe yanaweza kufuatiliwa bila simu ya mtafiti, ni katika mambo mawili: lori na gunia.

Bajeti ya mwaka 2016/17 iliweka kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 kwenye huduma zinazohusiana na mizigo ya kupita kwenda nchi jirani. Wenye malori, kupitia chama chao TATOA, walilalamika kwamba wateja wa Zambia na Kongo wanahamia bandari nyingine kama Beira na Durban. Bei ya shaba duniani nayo ilikuwa chini, hivyo si haki kuibebesha kodi lawama yote. Lakini malori yalipopungua barabarani Tunduma ilihisi mara moja. Lori moja linalolala mjini humlisha dereva na utingo wake, na kupitia kwao mama lishe, nyumba ya wageni, fundi wa matairi na mbadilisha fedha. Katika bajeti ya 2017/18 serikali iliiondoa kodi hiyo. Wabunge wa upinzani walisema waliionya serikali mapema; wa CCM walisema serikali imesikia kilio. Kila upande ulikuwa na la kujivunia.

Mahindi yalileta ugomvi mkubwa zaidi. Juni 2017, baada ya ukame kusumbua nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Waziri Mkuu Majaliwa alipiga marufuku kuuza mahindi nje ya nchi na kushauri wanaotaka kuuza wasage kwanza wauze unga. Kwa mlaji wa Dar es Salaam hilo lilimaanisha unga wa bei nafuu. Kwa mkulima wa Momba au Mbozi lilimaanisha kwamba soko lililo karibu naye kuliko yote, yaani ng'ambo ya mpaka, limefungwa wakati wa mavuno. Nyanda za Juu Kusini zilivuna vizuri msimu huo, bei ikaanguka, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) haukuweza kununua yote. Zuio liliondolewa kabla ya mwaka kwisha, lakini waliouza kwa bei ya chini walikuwa wameshauza. Njia za panya hazikukosa wateja.

Kilio cha mahindi hakikujali vyama. Mbunge wa CCM wa Vwawa na wa CHADEMA wa Mbozi waliwakilisha wakulima wa aina ileile, mara nyingi ndugu wa ukoo mmoja waliotenganishwa na mpaka wa jimbo tu. Inapendeza kutaja kwamba Hasunga wa Vwawa aliteuliwa naibu waziri wa maliasili na utalii Oktoba 2017, kisha waziri wa kilimo Novemba 2018. Mkoa uliolalamikia soko la mahindi ukawa na mtu wake katika kiti kinachohusika nalo.

Katika lugha ya mtaani mwaka 2017 ulikuwa mwaka wa "vyuma vimekaza", maana yake fedha hazipatikani. Rais alijibu kwamba waliokazwa ni wale waliozoea fedha za ujanja, na kwamba yeye ni mtetezi wa wanyonge. Jibu hilo liliwaridhisha wengi vijijini. Halikumridhisha mfanyabiashara mdogo aliyejiona mnyonge na bado amekazwa. Tofauti ya asilimia 96 na 71 yaelekea ilipatikana zaidi katika mazungumzo ya aina hii kuliko katika hoja za katiba.

Kuhama kwa viongozi na chaguzi ndogo

Kuanzia mwishoni mwa 2017 wimbi la viongozi wa upinzani kuhamia CCM lilienea nchini. Sababu iliyotolewa karibu kila mara ilikuwa moja, "kuunga mkono juhudi za rais", na maneno hayo yakawa kama fomula. Wabunge kama Maulid Mtulia wa Kinondoni na Godwin Mollel wa Siha walijiuzulu Desemba 2017, kisha wakagombea tena viti vilevile kwa tiketi ya CCM. CHADEMA ilidai watu wake wananunuliwa. CCM ilikana na kusema kwamba kazi ya rais inajieleza. Katika Songwe wabunge watatu wa CHADEMA walibaki katika chama chao wakati wimbi likipita.

Chaguzi ndogo za madiwani za 26 Novemba 2017 zilifanyika katika kata 43. CCM ilishinda 42. CHADEMA ilipata moja tu, Ibighi, iliyoko wilaya ya Rungwe mkoani Mbeya, si mbali na Songwe. Wapinzani walilalamikia mawakala kuzuiwa vituoni na wanachama kukamatwa. Kwa CCM matokeo hayo yalikuwa kipimo cha umaarufu wa rais. Ni vigumu kuyakubali hivyo moja kwa moja, kwa kuwa mwaka huohuo utafiti wa Twaweza ulionyesha umaarufu huo ukishuka. Kura na maoni yalikuwa yameanza kuelekea pande tofauti.

Mambo yalizidi kuwa mazito. Tundu Lissu, mnadhimu wa upinzani bungeni, alipigwa risasi Dodoma tarehe 7 Septemba 2017. Magazeti ya MwanaHalisi, Raia Mwema na Tanzania Daima yalifungiwa kwa nyakati tofauti mwaka huo. Kwa Songwe, kisa cha karibu zaidi kilikuwa cha Mbeya: tarehe 26 Februari 2018 Joseph Mbilinyi na katibu wa CHADEMA wa Kanda ya Nyasa, Emmanuel Masonga, walihukumiwa kifungo cha miezi 5 kwa maneno dhidi ya rais waliyoyatoa katika mkutano wa hadhara jijini humo. Kanda ya Nyasa ndiyo inayosimamia pia shughuli za chama hicho Songwe, hivyo waliofungwa walikuwa viongozi ambao wanachama wa Tunduma waliwajua kwa sura. Walitoka gerezani tarehe 10 Mei 2018.

Utafiti wa mwisho

Twaweza ilipotangaza asilimia 55 mwezi Julai 2018, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) iliiandikia ikidai utafiti huo haukuwa na kibali. Siku chache baadaye pasipoti ya mkurugenzi wake, Aidan Eyakuze, ilichukuliwa na Idara ya Uhamiaji. Septemba mwaka huo Bunge lilirekebisha Sheria ya Takwimu na kufanya kuwa kosa kutoa takwimu zinazopinga zile rasmi. Benki ya Dunia ilieleza wasiwasi wake hadharani, na kifungu hicho kilirekebishwa tena Juni 2019. Katikati ya hayo tafiti za hadharani kuhusu umaarufu wa rais zilikoma.

Asilimia 55, ikitazamwa peke yake, si namba mbaya kwa kiongozi wa nchi yoyote katika mwaka wa tatu. Ilikuwa karibu kabisa na asilimia 58.46 alizopata Magufuli kwenye sanduku la kura. Mtu anaweza kusema kwamba wale waliomkubali kwa muda mwaka 2016 walikuwa wamerudi nyumbani kwao kisiasa.

Baada ya 2018

Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019 CHADEMA ilijitoa baada ya wagombea wake wengi kuenguliwa, na CCM ikachukua karibu viti vyote nchini. Mwezi mmoja kabla, tarehe 5 Oktoba 2019, Magufuli na Rais Edgar Lungu wa Zambia walikuwa wamezindua kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde. Kituo hicho kimekusudiwa kupunguza siku ambazo malori husubiri mpakani, na huduma zake haziulizi itikadi ya dereva.

Mei 2020 David Silinde alifukuzwa CHADEMA pamoja na wenzake waliokaidi agizo la chama la kutohudhuria Bunge wakati wa janga la korona. Alijiunga na CCM na kugombea Tunduma dhidi ya Frank Mwakajoka, waliyekuwa wabunge majirani wa chama kimoja kwa miaka 5. Katika uchaguzi wa Oktoba 2020, ambao upinzani uliukataa ukidai uliharibiwa, Silinde alitangazwa mshindi na majimbo yote 6 ya Songwe yakaenda CCM. Desemba mwaka huo aliteuliwa naibu waziri katika Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Zuio la mikutano ya hadhara liliondolewa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Januari 2023.